Fimbo ya Kuzuia Kuyumba, au Mizani Kwanza?

Anayenunua kempa yake ya kwanza, yaani trela ya kulala safarini, huko Marekani mara nyingi hukutana na suala la kiunganishi mwishoni kabisa, akiwa ameshatia saini karatasi zote. Muuzaji humwambia kwamba akiongeza dola 800 au 900 atafungiwa mtambo wa kuzuia kempa kuyumba, na safari itakuwa salama. Mnunuzi ana watoto nyumbani, barabara kuu anaijua, anaogopa, analipa. Hofu yake ina haki. Lakini kwa kempa ndogo, yaani zile zisizozidi pauni 3,500 zikiwa zimepakiwa (karibu kilo 1,590), naamini pesa hiyo mara nyingi inatangulia mahali pasipo pake. Ya kwanza iende kwenye mizani, ya pili kwenye breki, na mtambo usubiri zamu yake.

Kempa huyumba pale uzito unapokaa nyuma mno ya ekseli. Upepo wa ubavuni, au lori kubwa linalopita kwa kasi, huisukuma kidogo. Badala ya kutulia, inarudi upande wa pili, kisha upande wa kwanza tena, na mwendo ukiwa mkubwa kila mpigo unauzidi uliotangulia mpaka mkia unaliburuza gari. Kinachoituliza ni mzigo unaokandamiza tufe la kiunganishi kupitia mkono wa kempa. Kwa magari na kempa za Marekani, mzigo huo unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa kempa.

Tazama jinsi ilivyo rahisi kuuharibu. Chukua kempa yenye pauni 2,800, na mkono wake unakandamiza pauni 320. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 11, hali nzuri. Sasa mwenyewe anafunga kibebeo na baiskeli mbili za umeme kwenye bampa la nyuma, jumla pauni 150, futi 8 nyuma ya ekseli, wakati tufe liko futi 12 mbele yake. Kwa nguvu ya wenzo, zile baiskeli zinainua mkono kwa pauni 100. Kempa sasa ina pauni 2,950 na mkono unakandamiza 220 tu, asilimia saba na nusu. Hakuna kilichoharibika na kila boliti imekazwa, ila kempa hii sasa ni ya hatari kwa mwendo wa barabara kuu. Ukiifungia fimbo ya kuzuia kuyumba, fimbo itaificha hatari hiyo mpaka siku ya upepo mkali. Ukizihamishia baiskeli mbele, umetibu ugonjwa wenyewe bila kutoa hata senti. Tangi la maji nalo ni hivyo hivyo: galoni 20 ni takriban pauni 166, na kama tangi liko nyuma ya ekseli, kulijaza ni sawa na kupakia mtu mzima mkiani.

Kupima hakuna gharama ya kutisha. Yeyote anayeendesha lori la semi, na ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo katika kazi hiyo ni wengi, atakuelekeza kwenye mizani ya CAT Scale katika vituo vya malori. Unapima ukiwa umefunga kempa, unaiacha mahali, unarudi kupima gari peke yake likiwa na watu na mizigo ile ile. Kwenye karatasi ya kwanza jumlisha ekseli za gari, toa uzito wa gari peke yake: kilichobaki ndicho mzigo wa mkono. Bei haifiki hata ya kujaza tangi la mafuta. Ukiwa nyumbani, mizani ya bafuni inatosha. Laza ubao imara juu ya vipande viwili vya bomba vilivyoachana futi 3, kimoja juu ya mizani, kingine juu ya tofali la kimo kile kile. Shusha mkono wa kempa kwenye ubao, futi 1 kutoka upande wa tofali, kisha zidisha kwa 3 namba unayoisoma, ukitoa kwanza uzito ambao ubao mtupu ulionyesha.

Namba hiyo mkononi, sasa unaweza kununua kiunganishi kwa macho yaliyofumbuka. Viunganishi vinavyofungwa chini ya gari vimepangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza hubeba kempa ya hadi pauni 2,000, mkono pauni 200. La pili hufika 3,500, mkono 350. Hapa watu wengi hunaswa: kiunganishi cha pauni 3,500 kinachoruhusu mkono wa 350 kinakupa asilimia 10 kamili, yaani kizingiti cha chini kabisa. Ukitaka asilimia 12 au 13, ambayo ndiyo ningeitaka mimi kwenye kempa yenye familia yangu, daraja la pili linakutosha kwa kempa ya pauni 2,700 au 2,800, si zaidi. Daraja la tatu, lenye tundu la mraba la inchi 2, hugharimu dola chache tu zaidi, bei yake yote kwa kawaida ikiwa kati ya dola 150 na 300 kabla ya ufundi, na vifaa vingi vya kukokotea vimetengenezwa kwa tundu hilo. Kama gari lako lina matoleo yote mawili, nunua la tatu. Ila kumbuka kwamba kiunganishi kikubwa hakiongezi uwezo wa gari. Kati ya kiwango cha gari, cha kiunganishi, cha tufe na cha kempa, kinachotawala ni kile kidogo kuliko vyote.

Breki ndipo ambapo sitaki mtu abane matumizi. Kempa ndogo nyingi zina breki za umeme, na gari linahitaji kidhibiti chake ndani. Vipo vya bei nafuu, chini ya dola 100, ambavyo hupeleka umeme kwa kiasi ulichopanga hata ukigusa pedali kidogo tu. Vingine, kama Tekonsha Prodigy P3, huhisi jinsi gari linavyopunguza mwendo na kufunga breki za kempa kwa kadiri hiyo. Hivi vinaanzia kwenye dola 100 na ushee, pamoja na waya wa kuunganishia. Chagua aina hii ya pili. Na jambo kubwa zaidi: kidhibiti kina kitufe au kiwiko cha mkono kinachofunga breki za kempa peke yake. Mkia ukianza kupiga, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki ya gari, halafu bonyeza kitufe hicho. Kempa inavutwa nyuma, inanyooka. Zoea mahali kilipo kabla hujatoka, kidole kikifikie bila macho kuacha barabara.

Baada ya hayo, mitambo yenyewe. Fimbo ya msuguano, ya dola 60 hadi 120, ni vyuma viwili vinavyoteleza kimoja ndani ya kingine, katikati kukiwa na vipande kama vya breki vinavyobanwa kwa mpini. Kempa ikitaka kupinda, msuguano unaichelewesha. Kwa kempa nyepesi iliyopakiwa sawa lakini inayosumbuliwa na upepo, inatosha. Ina masharti: lazima uilegeze barabara inapoteleza kwa mvua au theluji, na uitoe kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali, la sivyo itapinda. Kempa yenye breki za kusukumwa, zisizotumia umeme, haiitaki kabisa.

Mtambo wa kugawa uzito, kama Equal-i-zer au Fastway e2, ni kitu kingine. Una fimbo za springi zinazorudisha sehemu ya mzigo wa mkono kwenye ekseli ya mbele ya gari na ekseli ya kempa, na msuguano wa kuzuia kuyumba umo humo humo. Bei ni kati ya dola 500 na 1,000. Unafaa pale ambapo, baada ya kufunga kempa iliyopakiwa sawa, nyuma ya gari inachuchumaa na mbele inanyanyuka mpaka usukani unakuwa mwepesi. Lakini soma kwanza kitabu cha gari, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji wa magari wanaukataza. Kisha angalia mkono wa kempa, maana kempa nyingine ndogo zina mkono wa bomba moja usiokubali mabano yake. Na usishawishiwe kununua fimbo nzito zaidi “kwa usalama.” Fimbo huchaguliwa kwa mzigo wa mkono; nzito kupita kiasi huutesa mkono wa kempa. Mtambo wenyewe una pauni 60 hadi 100, nazo zinahesabiwa kwenye mzigo wa gari.

Hensley Arrow na ndugu yake ProPride 3P, mitambo yenye mfumo wa vyuma unaohamisha sehemu ya kupindia mbele, karibu na ekseli ya nyuma ya gari, hufanya kazi nzuri sana kwenye kempa ndefu. Bei yake inafika dola 3,000. Kwa kempa ndogo, hapana.

Wengine watauliza kuhusu gari ambalo tayari lina kompyuta ya kuzuia trela kuyumba. Kufikia magari ya toleo la mwaka 2012, Marekani ilikamilisha kuulazimisha mfumo wa kudhibiti utelezi kwa magari madogo yote mapya, na watengenezaji wengi wameongeza juu yake programu ya trela, inayofunga breki za gurudumu moja moja pale mkia unapoanza kupiga. Ni kinga nzuri, lakini inaamka baada ya kuyumba kuanza.

Mitambo ya kugawa uzito iliyotumika huuzwa nusu bei na watu waliohamia kempa kubwa. Kagua kwamba fimbo hazijapinda, ukubwa wa tufe unalingana na kempa yako, shina linaingia kwenye tundu la gari lako, na kiwango kilichopigwa muhuri kwenye fimbo kinakaribiana na namba uliyoipata kwenye mizani. Muuzaji asipojua kiwango hicho na muhuri umefutika, usinunue.