Chagua Ramani Huku Umeshika Mpini

Julai 2018 Google ilibadili masharti ya ramani zake kwa wenye tovuti. Kabla ya hapo, tovuti ya kawaida iliweza kufungua ramani hadi mara 25,000 kwa siku bila kulipa chochote. Baada ya hapo kila mwenye tovuti aliyeweka ramani hizo kwa msimbo alitakiwa kufungua akaunti ya malipo, akapewa nafuu ya dola 200 kwa mwezi, na kila ramani 1,000 zilizofunguliwa zikahesabiwa dola 7. Piga hesabu: dola 200 zinatosha ramani zipatazo 28,500 kwa mwezi mzima. Kilichokuwa kinatosha siku moja sasa kilipaswa kutosha siku thelathini. Tovuti zisizokuwa na akaunti hiyo zilikuta ramani zao zimetiwa kiza na kupigwa maandishi ya kusema ni za majaribio tu.

Kampuni ilikuwa na haki ya kupanga bei ya bidhaa yake. Walioumia zaidi ni wale ambao mifumo yao yote ilikuwa imefungwa kwenye huduma hiyo moja, hivyo kuhama kulimaanisha kuandika programu upya. Kwa hiyo anayetaka kuchagua kati ya maktaba ya ramani iliyo huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, na ya kibiashara asianze na bei ya leo. Aanze na swali hili: siku masharti yakibadilika, kuhama kutanigharimu nini?

Ili kulijibu, tuifungue ramani tuone ilivyoundwa. Maktaba ya ramani ni fungu la msimbo linalofanya kazi ndani ya kivinjari: ndilo linalokuwezesha kuisogeza ramani kwa kidole, kuikuza na kubonyeza alama. Lenyewe halina barabara hata moja. Picha unayoiona hutoka kwenye seva, ikiwa imekatwa vipande vya mraba viitwavyo vigae. Katika ngazi ya kwanza dunia nzima ni kigae kimoja. Ukikuza mara moja vinakuwa vinne, ukikuza tena kumi na sita, na ukishakuza mara kumi vinafika 1,048,576. Nyuma ya vigae kuna data ya barabara, mito na majengo, na pembeni kuna huduma kama kutafuta anwani, kupanga njia na kuonyesha foleni. Kampuni za kibiashara huuza yote kwa pamoja. Upande wa huria kila tabaka linachaguliwa peke yake.

Kwa maktaba zenyewe, upande wa huria hauna unyonge. Leaflet, iliyoanzishwa na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine mwaka 2011, ina uzito wa takriban kilobaiti 42 tu ikibanwa, jambo la maana kwa mteja anayehesabu bando. Kwa ramani ya vituo vya afya au matawi ya benki, inatosha kabisa.

OpenLayers, iliyotoka mwaka 2006, ni nzito zaidi lakini ina uwezo ambao wapima ardhi wanauhitaji. Ramani nyingi za upimaji za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS ya simu hutumia WGS 84. Ukichukua vipimo vya kiwanja kutoka ramani ya zamani ukaviweka kama vilivyo juu ya ramani ya tovuti, kiwanja kinahama karibu mita 300, umbali wa kutosha kukiingiza kwenye shamba la mtu mwingine. OpenLayers ikiunganishwa na maktaba ya Proj4js hubadilisha vipimo hivyo ndani ya kivinjari.

Ya tatu ni MapLibre, na historia yake ni funzo. Kampuni ya Mapbox ilikuwa na maktaba nzuri ya huria. Desemba 2020 ikatoa toleo la pili chini ya leseni ya kibiashara. Lakini toleo la awali lilikwisha kutolewa kwa leseni huria, na leseni hiyo hairudishwi nyuma. Wanajamii wakalichukua, wakalipa jina la MapLibre na kuliendeleza. Waliokuwa wakilitumia walipata pa kuhamia. Hapo ndipo unapoona nani ameshika mpini na nani ameshika makali.

Hata hivyo, rahisi ghali. Maktaba ya bure haileti vigae vya bure. Seva za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, huendeshwa kwa michango, na kanuni zake hazikubali programu yenye watumiaji wengi kuzibebesha mzigo; ukizidisha unafungiwa. Utalazimika kununua vigae kwa mtoa huduma au kuviweka kwenye seva yako. Siku hizi hilo la pili ni jepesi zaidi, kwa kuwa umbo la PMTiles huweka vigae vya nchi nzima katika faili moja.

Nako kwenye huduma za pembeni, kampuni kubwa zina ubora wa kweli: hali ya foleni, picha za mitaani, orodha ya biashara. Ukizihitaji, zilipie, ila usome masharti kwanza. Google, kwa mfano, kwa kawaida hairuhusu matokeo yake kuonyeshwa juu ya ramani isiyo yake, na imebana sana uhifadhi wa data yake.

Kwa hoteli inayotaka kuonyesha mahali ilipo, ramani ya kupachika ya Google haitozwi na inatosha. Kwa programu ya usafirishaji, huduma ya kulipia inaweza kurudisha gharama zake, mradi data ya wateja na safari ibaki kwenye hifadhi yako katika umbo la wazi kama GeoJSON, na msimbo wa ramani ukae sehemu moja, usitapakae mfumo mzima.

Kwa halmashauri, hospitali za umma na vyuo, naamini huria ndiyo njia. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata kuchora mitaro, barabara na nyumba kwenye maeneo ya mafuriko, na data ikaingia OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuichukua akitaja chanzo na kuheshimu leseni. Kazi ya namna hiyo imefanywa kwa jasho la wananchi na kwa fedha za umma au za wafadhili. Haifai kesho wananchi hao waikose kwa sababu kadi ya malipo ya ofisi imekwisha muda. Atakayeandaa zabuni ya mfumo wa ramani aandike ndani ya mkataba sharti la data na msimbo kubaki huria, kabla ya kuuliza bei.