Sheria yazilinda nyumba za Lamu, saruji yazila

Ukishuka chomboni pale Lamu, ndugu msomaji, usidhani nyumba zile zenye varanda zinazokukabili ndizo kongwe kuliko zote mjini. La hasha! Zamani bahari ilifika karibu na Usita wa Mui, ambao leo ndio njia kuu ya maduka. Ardhi iliyo mbele yake ilijazwa katika karne ya 19, biashara ya pembe, nafaka na boriti ilipokuwa imechangamka, na majengo ya ufukweni yakainuka juu yake.

Ngome ilianza kujengwa baada ya Vita vya Shela, ikamalizika yapata 1821. Baadaye ikawa gereza hadi 1984. Nyumba ya makumbusho ni ya 1891. Hata Wajerumani walikuwa na posta mjini kuanzia 1888 hadi 1891, walipoitumia Lamu kama mlango wa kuingilia Witu.

Mwaka 1986 Mji Mkongwe ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwenye nyumba hawezi tena kubomoa wala kuongeza ghorofa apendavyo. Sharti aombe idhini. Gharama ya ukarabati, hata hivyo, kwa kawaida ni yake mwenyewe.

Nyumba hizi ni matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Chokaa huacha unyevu utoke ukutani. Saruji haiachi. Maji na chumvi hubaki ndani, jiwe likalika, lipu ikabanduka pamoja na vipande vya matumbawe, na boriti zikaoza pale zinapoingia ukutani. Ajabu ni kwamba kwa macho ukuta huonekana mpya kabisa!

Kwa nini basi watu huipenda saruji? Ni ya haraka. Mfuko hununuliwa asubuhi, jioni tundu limezibwa. Chokaa ya kienyeji hutaka matumbawe yachomwe kwa magogo, yamwagiwe maji, kisha ingojwe. Boriti nazo zina mambo yake: Februari 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, wakata mikoko wa Lamu nao waliguswa.

Wageni wa Ulaya walionunua nyumba hapa wana fedha za kuingojea chokaa, nao huajiri mafundi wa papo hapo. Wenyeji wengi hawana. Nyumba ni ya urithi na warithi ni wengi: mmoja Lamu, mwingine Mombasa, wa tatu Uarabuni. Nani atoe fedha? Nani akubali kuuza? Mara nyingi anayeishi humo ni shangazi mmoja aliyebaki, ambaye kila masika huteremsha godoro chumba cha chini kwa sababu juu kunavuja.