Pamba au Poliesta: Unachokilipia Dukani

Doti mbili za kanga zimetandazwa kwenye kaunta, iwe Kariakoo au Mtaa wa Biashara, Mombasa. Pindo linafanana, mji unafanana, hata jina limeandikwa kwa herufi za namna moja, lakini bei zimeachana. Ukimuuliza muuzaji, atakujibu, "Hii pamba, hiyo poliesta," kisha ataendelea kukunja jora lake kana kwamba amemaliza. Sehemu inayomhusu mnunuzi ndiyo kwanza inaanza.

Vitambaa vyote viwili ni polima, yaani molekuli ndefu zilizoungwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, kama shanga kwenye uzi. Kipande kimoja huitwa monoma. Monoma ya pamba ni glukosi, sukari ambayo mmea hujitengenezea kwa jua, maji na hewa. Glukosi zikiungana kwa maelfu huwa selulosi, na uzi wa pamba iliyosafishwa ni selulosi karibu yote. (Wanga wa ugali nao umeungwa kwa glukosi, ila kwa muungano wa namna nyingine ambao tumbo la binadamu linaweza kuuvunja. Ndiyo maana ugali unashibisha na shati halishibishi.)

Poliesta ina vipande viwili vinavyopokezana, ethilini glaikoli na asidi ya tereftaliki, ambavyo kwa kawaida hutokana na mafuta ya petroli. Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, waliigundua mwaka 1941. Ni plastiki ile ile ya chupa ya maji, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu. Kiwandani huyeyushwa na kukamuliwa kwenye vitobo vidogo usiku na mchana, bila kungoja masika. Pamba inamtaka mkulima wa Simiyu au Shinyanga apande, apalilie, achume kwa mkono, kisha ichambuliwe na kusokotwa. Kwa hiyo bei ya chini ya poliesta si lazima iwe ulaghai. Ulaghai ni kuuziwa poliesta kwa bei ya pamba.

Tofauti kubwa mwilini ni maji. Selulosi ina sehemu nyingi zinazoyavuta na kuyashika. Poliesta karibu haina. Katika hewa ya kawaida, gramu 100 za pamba hubeba takriban gramu 8 za unyevu ambao hata huuhisi, na poliesta hubeba chini ya nusu gramu. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Lamu, hiyo ndiyo tofauti kati ya shuka linalofyonza jasho na shuka linalokuganda mgongoni. Poliesta pia hushikilia mafuta ya mwili, ndiyo maana fulana ya mazoezi hubaki na harufu hata baada ya kufuliwa.

Lakini geuza hesabu. Kitambaa kisichonywa maji hukauka haraka, hakirudi, hakikunjamani, na rangi yake haichuji ovyo. Chukua shati la shule. Tuseme la pamba tupu linahitaji dakika 15 za pasi ya wati 1,000 kila siku, kwa siku 190 za masomo. Pasi ikiwaka mfululizo, hizo ni uniti 47 hivi za umeme kwa mwaka, kwa mtoto mmoja. La mchanganyiko linaloridhika na dakika 5 litakula uniti 16. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti nyumbani kwako, au kwa mkaa kama pasi ni ya mkaa, na utaona kwa nini wazazi wengi hupenda kitambaa cha poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35. Kwa sare ninawaunga mkono. Mtoto akilalamika joto, ongeza pamba, usiende mpaka asilimia 100.

Kwa shuka, foronya, chupi, nguo za mtoto mchanga na kanga ya kujifunga nyumbani, ningelipa zaidi nipate pamba. Jikoni kuna sababu nyingine. Pamba inashika moto, tena upesi, lakini poliesta huyeyuka karibu nyuzi joto 260 na kugandia kwenye ngozi. Anayepikia mkaa au gesi akiwa amejifunga kanga ya poliesta anajiongezea hatari kwa ajili ya akiba ndogo.

Pazia, begi, mwavuli na koti la mvua ni himaya ya poliesta na nailoni. Kuvitafuta vya pamba ni kupoteza hela. Chandarua vilevile. Vingi vya kisasa ni vya poliesta au polithini, na vile vya chapa ya Olyset, ambavyo kiwanda cha A to Z cha Arusha kimekuwa kikitengeneza, dawa yake huchanganywa ndani ya polithini yenyewe.

Sasa majina, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. "Satini" si uzi, ni namna ya kufuma inayoacha uso unaong'aa. Satini nyingi za bei nafuu ni poliesta. "Mikrofaiba" kwenye pakiti ya mashuka ni poliesta ya nyuzi nyembamba sana: laini mkononi, joto usiku. Madera mengi ni ya rayoni, ambayo pia huitwa viskosi. Hii ni selulosi ya miti iliyoyeyushwa kwa kemikali na kugeuzwa uzi upya, kwa hiyo hupitisha jasho vizuri kabisa. Udhaifu wake ni majini: rayoni ya kawaida ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, wakati pamba ikilowa huongezeka nguvu. Dera lisikamuliwe kwa kusokotwa. Libonyeze, kisha ulianike kivulini. Nguo "za mwanzi" zinazosifiwa kuwa za asili nazo huwa viskosi mara nyingi. Malipo ya ziada hapo ni ya tangazo.

Kwenye mitumba una faida ambayo duka la nguo mpya halikupi kila mara. Sheria za Ulaya na Marekani zinalazimisha lebo itaje asilimia ya kila aina ya uzi. Itafute kwenye mshono wa ubavuni au shingoni kabla hujaanza kuvutana bei. Neno "cotton" ni pamba, "wool" ni sufu, na "elastane" au "spandex" ni uzi wa kuvutika ambao hulegea kwa joto, hivyo jeans yenye uzi huo isikaushwe kwa pasi.

Lebo ikiwa imekatwa, omba nyuzi chache za ukingoni, zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, mbali na watoto, kisha ziwashe. Pamba, rayoni pia, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha donge gumu lisilopondeka kwa vidole. Subiri lipoe kabla ya kuligusa. Hariri na sufu ni protini, zimejengwa kwa asidi za amino kama nywele, na hunuka nywele zilizoungua. Anayekuuzia "hariri" ambayo moto unaigeuza donge, mlipe bei ya poliesta au mwachie. Ukiona jivu na donge pamoja, ni mchanganyiko, na bei yake ikae katikati.