Akikuomba Kipande Dukani, Muulize cha Nini

Mwezi uliopita, baada ya swala ya alasiri, alinijia mama mmoja wa hapa Rukanga akiwa na mumewe. Mama huyu husuka vikapu vya mkonge, na fedha alizozidunduliza kwa kazi hiyo alikwenda nazo Voi kununua godoro. Alilipa taslimu. Hata hivyo kijana wa dukani alimwomba kitambulisho, akanakili nambari yake daftarini pamoja na nambari ya simu, naye mama hakuuliza kitu. Majuma mawili baadaye ukaanza kuingia ujumbe wenye majina yake yote matatu, ukimdai mkopo wa riba ambao hakuukopa. Aliyeusoma kwanza ni mumewe.

Nikakalishwa niamue baina ya mke na mume juu ya deni lisilokuwapo. Siwezi kusema kwamba daftari lile ndilo chanzo, kwani kumtuhumu mtu bila ushahidi si halali. Lakini swali lilibaki pale mkekani: muuza godoro, aliyekwisha kulipwa, alikuwa na haja gani na nambari ile?

Wazee wetu wa pwani hadi leo hukiita kitambulisho "kipande". Jina hilo ni la enzi za ukoloni, wakati wanaume wa Kiafrika walipolazimishwa, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kukibeba ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wanawake waliingizwa katika sheria ya vitambulisho mwaka 1978. Nadhani mazoea hayo hayajatutoka: tumeshika kwamba anayeomba kipande ana mamlaka, basi tunakitoa kabla hajamaliza kusema.

Sheria ya leo imeugeuza mzigo huo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inamlinda kila mtu asidaiwe pasipo haja habari za familia yake wala mambo yake ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaongeza, katika kifungu cha 25, kwamba habari za namna hiyo zikusanywe pale tu mwenye kuzitaka anapotoa maelezo ya kuridhisha, na zisizidi kiasi cha haja yake. Ukizitoa kwa ridhaa, waweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Na ukibishana na mwenye duka iwapo uliridhia au la, ni juu yake yeye kuthibitisha.

Sheria hiyo haikutaja duka moja moja. Benki, msajili wa laini za simu na wakala wa kutoa pesa wana sheria nyingine zinazowataka wakutambue. Mlinzi wa langoni naye, kwa sheria ya ulinzi wa kibinafsi ya 2016, aweza kukuomba ujitambulishe, ila unachompa ni cha utambulisho tu. Lau mama yetu angelichukua godoro kwa mkopo, mwenye duka angekuwa na hoja. Kwa taslimu, hana.

Nasi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Suratun-Nur imetufunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na tukiambiwa turudi, turudi. Nambari ya kitambulisho ni mlango kama milango mingine. Juni 2021 Wakenya wengi walipotazama sajili ya vyama vya siasa walijikuta ni wanachama wa vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Kuna aliyekwisha kupita mlangoni mwao bila hodi.

Septemba 2023 Kamishna wa Data alizitoza faini taasisi tatu: kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride, shilingi 2,975,000, klabu moja ya Nairobi, na shule ya Roma, shilingi 4,550,000, kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hiyo ya tatu ilinigusa. Nakiri kwamba nimewahi kusambaza picha za wanafunzi wa madrasa katika kundi la WhatsApp bila kumuuliza mzazi hata mmoja. Nimezifuta.

Nilipomaliza kuwaeleza haya, mume aliinama akanyamaza kitambo, kisha akamwomba mkewe radhi mbele yangu. Jumatatu wakaenda Voi pamoja. Kijana wa dukani alisema ni utaratibu wao tu. Mama akamwuliza utaratibu huo ni wa nini, naye hakuwa na jibu. Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyeifuta nambari ile kwa kalamu.

Malalamiko dhidi ya wale watuma ujumbe yamekwenda kwa Kamishna. Yaweza kutolewa hata kwa mdomo, na ofisi ndiyo inayopaswa kuyaandika; lakini binti yao aliyemaliza kidato cha nne aliyaandika kwa simu usiku uleule. Sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90. Mama anazihesabu kwa mafundo katika uzi wa mkonge, na jana alinionyesha fundo la kumi na tisa.