Kamera kongwe: pima kabla ya kulipa

Mnunuzi wa dhahabu Rwamgasa hatoi fedha kabla ya kupima. Anayeanza biashara ya kamera kongwe naye aipime hivyo Fotokor, kamera ya kukunja iliyotengenezwa Leningrad, Umoja wa Kisovieti, tangu 1930 hadi 1941. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 1, hivyo ukongwe pekee haupandishi bei. Haitumii filamu ya mkanda, bali vioo vya sentimita 9 kwa 12, ambavyo ni adimu madukani. Ingia gizani, washa tochi ndani ya mvukuto wake: mwanga ukipenya, picha zitaungua. Hakikisha pia fremu za kuwekea vioo zipo. Zikikosekana, umenunua pambo na mtaji umelala.