Dege la mtoto laweza kukata mawasiliano ubongoni

Mtoto wa Galu anapotumwa dukani na noti ya shilingi 100, ubongo wake una kazi. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso hushika maagizo; ile ya utosini, kuelekea kisogoni, husaidia hesabu. Sehemu hizi husemezana kupitia nyuzi za neva zilizovikwa mafuta ili ujumbe ufike upesi. Nyuzi hizo zikidhurika, chenji humtatiza mtoto.

Malaria kali huweza kuvuruga mazungumzo hayo. Chembe za damu zenye vimelea hunata katika mishipa midogo ya ubongo, na oksijeni hupungua. Mtoto hutetemeka au kuzimia. Wazazi wengi wa pwani huita hali hiyo dege, na baadhi huanzia kwa mganga. Saa zinazopotea hapo ni za hatari.

Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa takriban mtoto 1 kati ya 4 waliopona malaria ya ubongo alibaki na kasoro fulani, kama ya usemi au kumbukumbu.

Huko Kwale, kuanzia mwaka 2010, watafiti walishirikisha shule 101. Katika nusu yake, watoto walipimwa na kutibiwa malaria kila muhula, lakini umakini wao darasani haukuboreka.

Basi mzazi, usingoje muhula. Mlaze mtoto ndani ya neti kila usiku, na akishikwa na homa, mpeleke zahanati siku iyo hiyo.