Uyoga Mweusi katika Karai la Pemba

Ukifika mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba, utawakuta madaktari wa Kichina katika Hospitali ya Abdulla Mzee. China ilianza kupeleka madaktari Zanzibar mwaka 1964, na wengi wao hutoka jimbo la Jiangsu. Watu wakaao jirani muda mrefu namna hiyo hawakosi kuulizana habari za jikoni. Basi leo tuutazame uyoga mweusi, ule uuzwao mkavu, wenye umbo la sikio, ambao mtu asiyeujua hudhani ni vipande vya ngozi.

Chakula chenyewe, kwa kweli, si cha Jiangsu, ambako watu hupenda ladha ya upole yenye utamutamu. Pilipili hizi ni za jimbo la Sichuan. Wenyeji hukiita chakula hiki chenye harufu ya samaki, na samaki ndani yake hamna! Asili yake hutiwa nyama ya nguruwe. Sisi tutatia ngisi, au kifua cha kuku.

Lakini kabla ya kuwasha moto, sikiliza habari ya kuroweka, kwa maana hapo ndipo penye hatari. Uyoga huu hufura mara nyingi kuliko ulivyokuwa; konzi moja yatosha watu wanne. Uroweke katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa hadi saa moja, basi. Mama atokaye kazini amechoka huweza kushawishika kuuroweka tangu jana yake. Asifanye hivyo. Katika joto kama letu, uyoga uliolala majini huweza kuingiwa na bakteria watoao sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukuonya, wala moto wa jikoni hauiondoi. Nchini China imekwisha kuua watu. Jina lake limetoka kisiwa cha Java, kwenye chakula kilichochachushwa kwa machicha ya nazi, ambacho serikali ya Indonesia ilikipiga marufuku mwaka 1988. Na hapa jirani, Chitima nchini Msumbiji, sumu hiyo hiyo iliingia katika pombe ya unga wa mahindi mwezi Januari 2015, wakafa watu 75.

Kwa hiyo roweka wa kutosha mlo mmoja tu, na ukibaki majini, utupe. Aliyekula uyoga uliokaa sana akaanza kutapika na kuumwa tumbo, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aelezwe alichokula.

Uyoga ukishalainika, ukate kile kikonyo kigumu, uuoshe mchanga, uukatekate membamba, kisha uuchemshe dakika tano na kuuchuja. Ngisi asafishwe na kukatwa vipande vyembamba. Twanga thomu punje nne na tangawizi ya kidole. Katika kikombe changanya vijiko viwili vya mchuzi wa soya, kijiko cha siki au ndimu, kijiko cha sukari, na kijiko kidogo cha wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji.

Karai letu la kukaangia bajia lafaa kabisa kwa kazi hii. Lipate moto mkali, kwani moto mdogo hutoa maji na kukifanya chakula kiwe mchuzi. Tia mafuta, pilipili nne kavu, thomu na tangawizi. Zikinukia tu, tia ngisi. Dakika mbili zamtosha, zaidi ya hapo atakuwa mpira. (Kuku huhitaji muda zaidi, hadi weupe uenee ndani.) Tia uyoga na pilipili boga, ambalo wenzetu wa Dar es Salaam huliita hoho, geuzageuza kwa mwiko bila kupumzika, kisha mimina kile kikombe. Mchuzi ukishika na kung'aa, epua.

Pakua juu ya wali mweupe ungali moto. Watoto waondolewe zile pilipili nzima kabla ya kupewa sahani zao.